Aya inayorukia mambo matano: aanzie wapi mwalimu?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni ambao sarufi yao ya Kiingereza si mbaya, lakini kila aya wanayoandika hurukia mambo matano. Kwa maoni yangu, tatizo hilo ni la mpangilio wa hoja zaidi kuliko la lugha, kwa hiyo waruhusu wapange hoja kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike kwa Kiingereza. Mwanafunzi akiandika kwamba maisha ya hosteli ni magumu, mwulize ni magumu kwa lipi. Akijibu kuwa maji hukatika usiku, hiyo ndiyo sentensi kuu, na kila sentensi inayofuata ieleze maji tu: hukatika lini, anayachota wapi, na jinsi anavyochelewa kipindi cha asubuhi. Habari za chakula, hata ziwe tamu namna gani, zisubiri aya nyingine. Unaposahihisha rasimu ya kwanza, usiguse tahajia wala nyakati za vitenzi (najua mkono utawasha), bali pigia mstari sentensi iliyotoka nje ya hoja, umrudishie aiondoe mwenyewe. Darasa likiwa kubwa, wabadilishane rasimu wawili wawili, kila mmoja akiandika pembeni hoja aliyoiona katika aya ya mwenzake. Wasipoafikiana, aya hiyo iandikwe upya kabla haijafika mezani kwako.