Jibu: mipira ya usukani wa Honda CG125 ya zamani

Salaam mkuu. Umesema mpira wa kushoto umeingia vizuri, wa kulia umegoma kabisa. Kabla hujalaumu pikipiki, angalia kama hujauziwa yote miwili ya kushoto, mimi yalinikuta. Bomba la usukani lina kipenyo cha milimita 22, lakini upande wa kulia mpira unavaa juu ya plastiki ya akseleta, kwa hiyo tundu lake lazima liwe pana zaidi, karibu milimita 25. Kama huna kipimo cha kipenyo, zungushia bomba uzi mara moja, uupime kwa rula: ukitoka milimita 69, kipenyo ni 22. Kuvalisha, tumia spiriti, inakauka. Oili usiiguse, mpira utakuzungukia mkononi ukiwa barabarani! Acha upenyo kidogo pale mpira wa kulia unapoishia kwa ndani, akseleta irudi yenyewe ukiiachia.