Mkuu, usibandike hiyo wijeti

Mkuu wa Nansio, toa kidole kwenye kitufe cha Hifadhi. Umesema blogu yako ya ratiba za meli na nyumba za wageni Ukerewe iko kwenye jukwaa la bure, kuna "wakala wa promosheni" amekutumia wijeti, yaani skripti (maagizo ya kompyuta) ya mistari mitatu, uiweke pembeni mwa ukurasa, na atakulipa kila mwezi. Unauliza kama inaruhusiwa, umtoze bei gani, ununue domeini (jina lako mwenyewe la tovuti) sasa au usubiri, na rangi zipi zinafaa. Wadau waliotangulia hapo juu wamekwambia chukua hela, hiyo ni fursa. Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, na siku ya msiba sikumwona hata mmoja.

Skripti ya mtu haibandikwi kwenye blogu yako. Akitaka tangazo, alete picha.

Hiyo mistari mitatu uliyotumiwa haina tangazo ndani yake, ina anwani tu. Msomaji akifungua ukurasa wako, simu yake inakwenda kwenye seva ya huyo wakala kuuliza ionyeshe nini, na jibu analipanga yeye. Leo atajibu hivi, kesho vile, asubuhi viatu, usiku kamari. Ulichokiona wewe ulipojaribu hakikufungi chochote kwa upande wake.

Blogu yangu ilikuwa ya bei za dagaa na samaki soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Wanaoijua biashara hii wanaelewa kwa nini ilikuwa na wasomaji: giza likiingia watu wanaingia ziwani na taa zao, mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika, bei inapanda, na mnunuzi wa Shinyanga au Tabora anataka kujua kabla hajatuma gari. Nilikuwa na gesti moja ya Nyegezi na duka la vipuri vya injini za boti wakilipia mabango, kwa simu, bila kusumbuana.

Akaja kanjanja mmoja na kompyuta yenye stika nyingi kuliko bodaboda. Akasema wijeti hii inawekwa na kila mtu, mara Blogger wanaruhusu, mara WordPress wanaruhusu, hao wote ni walewale. Nikamuuliza kuhusu masharti. Akacheka! Akasema masharti wanasoma wanasheria. Na mimi, msinicheke, nilikuwa nimeyasoma. Kichwa cha habari nilikisoma chote.

Mwanzo lilitokea bango la makava ya simu, safi kabisa. Hela ya kwanza ikaingia. Nikamnunulia soda yule kanjanja, hilo linaniuma mpaka leo kuliko mengine.

Halafu nikiwa Mwaloni nachukua bei, mama mmoja muuza dagaa akaniita pembeni. "Mwanangu, hebu njoo uone hiki kitu chako." Simu yake ina kioo kilichopasuka kona, magamba ya dagaa yameng'ang'ania kwenye kava. Akagusa palipoandikwa bei ya leo. Ukurasa ukaruka. Ikaja kamari, akarudi nyuma, ikaja picha ambayo mama wa umri ule hapaswi kuonyeshwa na mtu anayemwita mwanangu. Nikatoa simu yangu, ikaonyesha bei vizuri tu. Nikafungua kwenye kompyuta, vizuri pia. Kumbe ndivyo walivyoipanga: inaruka kwa mgeni wa simu, tena si kila mara, na mwenye blogu anayeingia kila siku anaachwa aone makava. Yaani wanunuzi wangu wote, ambao kompyuta wanaiona benki, walikuwa wanapelekwa kusikojulikana na mimi nimekaa nahesabu wageni nafurahi namba inapanda.

Niliifuta usiku huohuo. Nilichelewa. Likaja lile onyo jekundu la kivinjari linalomwambia mtu kwamba tovuti iliyo mbele ni ya udanganyifu, na jukwaa nalo likafunga blogu kwa kuvunja masharti ya matangazo. Sililaumu, ndiyo maana silitaji. Masharti yalikuwepo, kwa maandishi, aya nzima.

Sasa sikiliza hapa kwenye gharama. Hela ya matangazo unaweza kutafuta nyingine. Waliponiruhusu kuchukua nakala ya vitu vyangu nikapata faili la XML, yaani faili moja la maandishi lenye blogu yote, nikashangilia. Nikalifungua: maandishi yamo, maoni ya watu yamo, picha hazimo. Mahali pa kila picha pana anwani tu, na anwani zinaelekea kwenye blogu iliyofungwa. Picha za Mwaloni, za mitumbwi ikishusha alfajiri, za mbao za bei zilizoandikwa kwa chaki, ambazo simu niliyopigia ilishakufa zamani. Zote zikaenda. Mkuu, kama utafanya kitu kimoja leo, pakua picha zako kando, usiliamini hilo faili peke yake.

Yule kanjanja nilimpigia. Akasema ni "tatizo la seva za Ulaya". Nikapiga tena, namba haipatikani. Nasikia sasa anatoa semina za masoko ya mtandaoni, watu wanalipa kiingilio na wanapewa maji ya chupa. Mungu anamwona.

Na ule uongo wake kwamba majukwaa ni walewale, mtu asiurudie humu. WordPress.com kwenye mpango wa bure hawataki mitandao ya matangazo ya nje, hata AdSense ya Google, na ukibandika JavaScript, lugha ya skripti kama hiyo yako, inaondolewa ukihifadhi. Matangazo unayoyaona kwenye blogu za bure pale ni ya wenyewe. Watu wanaichanganya na ile programu ya WordPress.org unayoisimika kwenye hosti (seva ya kukodi) unayoilipia, hiyo ni habari nyingine. Blogger, ambayo Google waliinunua 2003, ina kabisa kisanduku cha kuweka HTML na JavaScript. Ndipo watu wanapoingia kingi: kisanduku kimepokea, wanadhani sera imeruhusu. Sera zao bado zinakataza spamu na programu hasidi, na blogu inaweza kufutwa. Tena Google Search wenyewe wanahesabu kama spamu wijeti zinazosambazwa kwenye tovuti nyingi zikiwa na linki zilizofichwa ndani yake. Kwa hiyo hata kama haimrushi mgeni wako kwingine, inaweza kukuzika kwenye utafutaji.

Domeini? Nunua, lakini usidhani inakuokoa. Ukiwa na .co.tz yako huku blogu ikiendelea kukaa kwenye jukwaa lao, masharti ni yaleyale. Umebadilisha kibao cha mlangoni, nyumba bado ni ya watu. (Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni uzi mwingine, tusianze hapa, tutakesha.)

Mimi sasa nafanya hivi. Kwanza naingia kwenye masharti ya jukwaa, natafuta neno matangazo, nasoma aya yote, nikiwa na mashaka nawaandikia. Wakiruhusu tangazo la moja kwa moja, namwambia mteja anitumie picha, JPEG ya kawaida. Naipandisha mwenyewe kwenye hifadhi yangu ya picha, naiwekea linki ya kwenda kwake, juu yake naandika TANGAZO, na kwenye linki naweka rel="sponsored", alama ambayo Google waliileta 2019 kwa ajili ya linki za kulipiwa. Mteja anatuma hela kwanza. Akitaka kubadilisha bango anitumie jingine, nitabadilisha mimi kwa mkono wangu. Mwenye gesti hajawahi kulalamika kwa hilo, maana anachotaka ni simu yake ilie.

Mjaribu na huyo wako. Mwandikie: "Sibandiki skripti, nitumie picha na linki." Mwenye biashara ya kweli atatuma picha jioni hiyohiyo. Akianza kukueleza kwamba "mfumo hauruhusu", kwamba lazima "wafuatilie takwimu", kwamba ofa inaisha leo usiku, funga mazungumzo, na kama alishakutumia hela ya utangulizi usiigawe kwa shemeji bado.

Uliuliza na kitu kingine, naandika kwa simu siwezi kurudi juu kukiangalia. Hiyo skripti iweke hapa kwenye uzi kama maandishi, usiiweke kwenye blogu, nikuonyeshe anwani inayoita ni ya nani. Nipo kwenye daladala ya Buzuruga, nikishuka naifungua.