Tumbo Langu Lilijua Tarehe ya Kodi

Kwa miaka miwili nilijitibu alsa ambayo sikuwa nayo. Tumbo likinisokota, nilipitia duka la dawa pale Umoja, Nairobi, nikanunua dawa ya kupunguza asidi. Niliacha maharagwe, nikaacha pilipili, mwishowe hata chai ya maziwa, na kwa mtu aliyelelewa kwa chai hilo si jambo dogo. Tumbo halikutulia.

Kilichonitesa zaidi ni matatu ya asubuhi. Foleni ikisimama Jogoo Road, tumbo laanza kunguruma, viganja vinalowa jasho, nami nimebanwa dirishani nikihesabu magari yaliyo mbele yetu. Ikabidi niwe naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kutia kitu kinywani, nisije nikaaibika barabarani.

Hatimaye nilienda hospitalini. Nilipimwa damu, choo, na wale bakteria wa H. pylori ambao Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba husababisha vidonda vya tumbo. Hakikuonekana chochote. Nilitoka nimevunjika moyo, maana mgonjwa hutaka angalau ajue anaumwa nini. Daktari aliniambia niandike kila siku nilichokula, jinsi choo kilivyokuwa, na yaliyonipata siku hiyo.

Miezi miwili baadaye daftari lilisema lenyewe. Githeri ya Jumamosi kwa dada yangu ilipita salama. Githeri hiyo hiyo tarehe 3, kodi sijalipa na mwenye nyumba ameshapiga simu mara mbili, ilinilaza kitandani.

Mtu mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto, na mwili ndivyo ulivyo. Utumbo una mtandao wake wa neva, mamilioni ya seli, na neva ya vagasi inauunganisha na ubongo. Habari nyingi zinazopita humo hutoka tumboni kwenda kichwani. Wasiwasi huweza kuharakisha choo au kukifunga. Na tumbo linalouma kila siku humnyima mtu usingizi, likamtenga na watu, hata akaingia kwenye sonona. Ugonjwa wangu madaktari huuita IBS, kifupi cha Kiingereza "irritable bowel syndrome": utumbo hauna kidonda, ila neva zake zinahisi kupita kiasi. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Tafadhali usimwambie mgonjwa "ni mawazo tu".

Lakini pimwa kwanza. Ukiona damu, choo cheusi kama lami, unakonda bila sababu, chakula hakimezeki au maumivu yanakuamsha usiku, usikae na daftari nyumbani. Nenda hospitalini.

Ukishapimwa, tibu tumbo na kichwa pamoja. Mimi nilienda kwa mshauri nasaha. Alinifundisha kuweka mkono juu ya kitovu, kuvuta pumzi hadi mkono uinuke, kisha kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta. Nafanya hivyo mle mle ndani ya matatu, hakuna anayejua. Pia alinisukuma nizungumze na mwenye nyumba, jambo nililoliogopa kuliko sindano. Alikubali nilipe kodi mara mbili kwa mwezi, na hilo lilinisaidia kuliko vidonge vyote nilivyowahi kununua.

Mwezi mgumu tumbo bado hunisumbua. Ila chai nimeirudia, kikombe kimoja, kabla sijatoka kwenda stejini.