Mafinga, Julai, viroba vitano vya samadi: usimwage!

Mkuu, simama hapohapo. Bwawa lako la samaki mita 10 kwa 15, maji hayataki kugeuka kijani, na wiki hii unataka kumwaga viroba vitano vya samadi ya kuku pamoja na pakiti ya "bakteria wa kusafisha maji". Usithubutu. Nilifanya hivyohivyo, na Oktoba nikaokota sato kwa ndoo.

Kwenye baridi ya Julai bakteria wanaoozesha samadi wanafanya kazi polepole, kwa hiyo inazama na kulundikana. Unaona maji hayabadiliki, unaongeza. Joto likipanda Septemba na Oktoba, lundo lote linaoza kwa mpigo, na bakteria haohao wanamaliza oksijeni. Mwani nao, vile vimea vidogo vinavyofanya maji yawe kijani, usiku hautoi oksijeni, unaitumia. Ikifika saa kumi na moja alfajiri samaki wamejazana kwenye mlango wa maji, midomo juu, wanahema. Chomeka ufito kwenye tope uuchomoe: tope likitoka jeusi linanuka yai viza, ujue huko chini hewa imekwisha.

Na hao wauza pakiti wananikera mno! Nami niliambiwa pakiti itakula amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na samadi. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti wanahitaji oksijeni nyingi, na kwenye baridi wanazaliana taratibu sana. Ukiwatia kwenye bwawa lisilo na hewa wafanye nini? Kumuuzia mkulima kitu hicho bila hata kumuuliza maji yake yana joto gani ni kumwibia.

Mita zako 150 za mraba zinatoshwa na kilo 5 hadi 7 za samadi kavu kwa wiki; baridi hii weka nusu. Iwe ndani ya tenga la fito pembeni, ili mambo yakiharibika uitoe. Chokaa ya kilimo, kilo 15 hadi 30, itangulie wiki mbili. Usiiweke siku moja na samadi, inafanya amonia iwe sumu kali zaidi.

Kabla ya kuweka CHOCHOTE, nenda bwawani alfajiri jua halijatoka. Samaki wakiwa juu, siku hiyo hakuna samadi wala chakula: fungulia maji mapya yaanguke juu ya mawe, yatoe ya chini. Wakiwa wametulia, subiri jua lipande, zamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwikoni, usiongeze.

Viroba vyako vianike vikauke, uvifunike turubai kabla ya mvua za Novemba.