Maswali ya jikoni: tui, kisamvu na nyanya za masika

Shangazi, shikamoo. Kila nikipika samaki wa nazi tui linakatika, mafuta juu, maji chini. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Swali hili nimelijibu mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake, na kila anayeuliza hasemi ametia tui lipi kwanza. Tui jepesi ndilo la kuivishia. Tui zito huingia mwisho, samaki akishaiva na moto umepunguzwa. Hapo usiondoke: teka kwa upawa na kumimina, teka na kumimina, usimvuruge samaki, mpaka mchuzi uchemke kidogo tu, kisha epua. Usifunike. Ndimu mkamulie samaki kabla hajaingia sufuriani, au ngoja mchuzi uepuliwe. Ukiikamulia kwenye tui linalotokota, umelikata mwenyewe.

Mvua hizi nyanya zimepanda bei mno. Naweza kupikia za kopo?

Unaweza. Kijiko kimoja, ukikaange kwenye mafuta mpaka ukali uishe. Lakini umenigusa panaponiuma. Tumejizoesha kwamba kila chungu kianze na kitunguu na nyanya, mwaka mzima, kana kwamba mboga hazina msimu. Mvua ikizidi, ukungu huyala majani ya mnyanya, matunda yanaozea shambani, na gari la mzigo linakwama njiani. Bei ipande isipande?

Sasa tazama mvua hiyo hiyo inaleta nini. Matembele, mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda. Masika ni msimu wa majani! Kwa bibi yangu Muheza, kuanzia Machi mpaka Mei nyanya ilikuwa kitu cha kubahatisha, na hatukuwahi kuona chakula kimepungukiwa. Matembele yalipikwa kwa kitunguu, chumvi na tui, basi. Mchuzi wa samaki uliwekwa ukwaju aliouhifadhi tangu kiangazi, au mbilimbi za kwa jirani. Jirani akileta mbilimbi, anaondoka na fungu la majani ya maboga, na siku ya pili mtoto anatumwa kurudisha bakuli likiwa na kitu ndani. Hivyo ndivyo nyumba mbili zilivyokula vizuri bila kuongeza senti.

Kwa hiyo wiki hii nenda sokoni bila ile orodha uliyoitoa kwenye simu. Angalia kilichorundikana kwa wingi, halafu muulize mama anayeuza yeye leo anapika nini kwake. Mimi kutia karanga kwenye majani ya maboga nilifundishwa na muuza mboga, nimesimama na kikapu mkononi. Na mchicha msiutie magadi, nawaomba. Unaiva kwa dakika 5 wenyewe. Magadi yanaharibu vitamini mlizozifuata.

Rafiki yangu hutia kidonge cha maumivu ili nyama iive haraka. Ni salama?

Hapana. Dawa si kiungo. Pakaza nyama papai bichi lililopondwa, kijiko kimoja, nusu saa kabla ya kubandika.

Niko Uingereza. Kisamvu ninachopata ni cha pakiti, kimesagwa na kugandishwa. Mwenzangu anasema nikipashe moto tu, kama mchicha.

Mwenzako asikuponze. Majani ya muhogo mabichi yanatoa sumu, sianidi, na kusagwa peke yake hakutoshi. Bibi zetu hawakutwanga kisamvu kwa kukosa kazi: kinu kinavunja jani, sumu inatoka, kisha mchemko mrefu unaifukuza pamoja na mvuke. Barafu haiivishi kitu. Pakiti isipoandikwa wazi kwamba kimepikwa, kichukulie ni kibichi. Kibandike na maji mengi, sufuria wazi, kichemke saa nzima au zaidi, maji yakikauka ongeza. Kikishalainika kabisa ndipo utie nyanya chungu, bilinganya, na mwisho tui zito au karanga. Nasikia hata huku nyumbani vijana wanakikatakata kwa kisu na kukikaanga dakika 10. Wakanyeni.

Nipe kipimo cha maji kwa kilo moja ya mchele.

Mchele gani? Mpya au wa mwaka jana? Mpya unataka maji machache, wa zamani unakunywa zaidi. Muulize muuzaji, kisha jaribu kikombe kimoja kwanza, ndio uujue mchele wako. Na wakati wa kupalia makaa, funika kwa jani la mgomba au kitambaa safi chini ya mfuniko, si nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini bado naiona imelalia juu ya wali wa moto, imejikunja, na watoto wanapakuliwa. Tena wali wa nazi usilaze mezani mpaka asubuhi. Unachacha, na kuupasha moto hakuuponyi.

Wakwe wanakuja Jumapili, na hali si nzuri. Nipike nini wasione aibu?

Aibu ya nini, mama? Pika kilichopo, ukipike vizuri. Matembele ya nazi, choroko zilizolala kwenye maji tangu usiku, ugali, na dagaa wa Kigoma wa kukaanga na pilipili na ndimu pembeni. Mawifi waambie waje mapema mchambue matembele pamoja, mkipiga soga. Dagaa waoshe mara 2 au 3, waanike wakauke, na usiwakaange mpaka wageni wamekaa na mikono imenawiwa. Wakipoa wanalegea.