Karani wa sensa, sheha na siri ya nyumba yako

SWALI: Assalamu alaykum, mtaalamu. Sensa ya 2022 karani alikuja kwangu, huku kaskazini Pemba, pamoja na sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu. Akauliza umri, elimu, choo, mpaka mifugo. Mume wangu alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, hakuandikwa. Sheha naye kakaa barazani muda wote anasikiliza. Kisheria nalazimika kujibu yote yale? Na watu wa kodi hawayapati?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Kujibu ni lazima. Takwimu ni jambo la Muungano, limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, ndiyo maana sensa ni moja kwa nchi nzima na huendeshwa kwa Sheria ya Takwimu, Sura 351. Huku kwetu kazi hushikwa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya 2007, ikishirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kukataa kujibu, au kusema uongo kwa makusudi, ni kosa.

Lakini sheria hiyo hiyo iliyokubana wewe imembana karani zaidi. Kabla hajashika kishikwambi hula kiapo cha kutunza siri, na akiivunja anashitakiwa. Majibu yako hayaruhusiwi kutolewa kwa namna itakayokutambulisha, si kwa mtu wa kodi wala kwa jirani. Kinachotoka ni jumla tu: Zanzibar tulikuwa 1,303,569 mwaka 2012, tukafika 1,889,773 mwaka 2022. Humo umo, lakini hakuna anayekuona.

Sasa la sheha. Hili linanikera, maana nimelikuta mara nyingi nikisimamia makarani. Kazi yake ni kumuongoza karani, amwoneshe nyumba na amtambulishe kwa wenyewe. Mahojiano ni baina yako na karani aliyeapa. Siku nyengine mwambie kwa heshima, "Sheha, tupishe kidogo," au mwite karani ndani, ukumbini. Hujamvunjia mtu adabu. Mwanamke anayeulizwa watoto aliowazaa na waliofariki hawezi kusema kweli mbele ya hadhara, na hesabu ikiharibika hapo, imeharibika mpaka juu.

Mumeo hakusahauliwa. Huhesabiwa mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022. Walioko dago huhesabiwa huko huko kambini. Ungemtaja na kwako, angehesabiwa mara mbili.