Soma kalibresheni kabla ya picha: ushauri kwa wanaotaka kutumia data za Hubble wakiwa Mtwara na Lindi

Yeyote anayetaka kufanya kazi ya maana na data za darubini ya Hubble akiwa Mtwara, Newala au Nachingwea, namshauri aanze na mafaili ya kalibresheni, yaani ya kuihakiki kamera, ambayo watu wengi huyaruka: picha zilizopigwa kamera ikiwa imefungwa, picha za taa zilizomo ndani ya darubini yenyewe, na picha za nyota chache hafifu ambazo hakuna atakayetamani kuzitundika ukutani. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Mtwara, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipakua data hizi jioni, baada ya kazi, na kuzitumia pamoja na wanafunzi wa klabu yetu ya sayansi. Nimeona kwamba mwanafunzi anayeanza na picha za rangi za galaksi huvutiwa kwa siku chache kisha huchoka, kwa sababu hana swali la kuiuliza picha. Anayeanza na kazi ya kila siku ya kuihakiki kamera hubaki, kwa kuwa anajua namba iliyo nyuma ya kila nukta imetoka wapi na inastahili kuaminiwa kwa kiasi gani.

Ni vizuri kwanza kuielewa siku ya Hubble ilivyo. Darubini hiyo ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990, na huizunguka Dunia mara moja kwa takriban dakika 95, yaani mizunguko kama 15 kwa siku. Obiti yake imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, ndiyo maana sisi tulio kwenye latitudo ya nyuzi 10 kusini tunaweza kuiona ikipita karibu na utosi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, ilhali mtu aliyeko London haioni kamwe. Katika kila mzunguko, kwa malengo mengi, Dunia yenyewe huziba njia kwa karibu nusu ya muda. Aidha, kuna eneo juu ya Amerika ya Kusini na Atlantiki ya Kusini ambako ukanda wa mionzi unaoizunguka Dunia hushuka chini zaidi, na Hubble inapolipita vyombo vyake husitisha uchunguzi, kwa sababu chembe zenye nguvu zinazopiga vihisi hapo ni nyingi mno. Watu wa ratiba, wanaofanya kazi katika taasisi ya darubini za angani iliyoko Baltimore, Marekani, hupanga juma zima mapema, hatua kwa hatua, wakizingatia Dunia iko wapi, Jua liko wapi, eneo la mionzi litapitwa saa ngapi, na ni nyota gani mbili za mwongozo zitakazoishika darubini isitikisike. Tangu Juni 2024 kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi, kwani darubini inaendeshwa kwa jairoskopu (kifaa kinachopima mgeuko wake) moja tu, na kugeuka kutoka lengo moja hadi jingine huchukua muda mrefu kuliko zamani.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalifahamu ni kwamba muda ule ambao Dunia imeziba njia haupotei wote. Kifuniko cha kamera kikiwa kimefungwa, darubini haihitaji kuona chochote, na hapo ndipo picha nyingi za giza hupigwa. Katika kamera ya WFC3, iliyowekwa na wanaanga mwezi Mei 2009, picha ya giza ya kihisi cha mwanga unaoonekana huchukua sekunde 900 na haina nyota hata moja ndani yake. Kazi hiyo hurudiwa siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, na bila hiyo hakuna kipimo cha galaksi kinachoweza kusimama.

Kwa nini kazi yote hii? Mkulima wa Tandahimba anayefikisha gunia la korosho kwenye ghala la chama cha msingi hutazama kwanza kama mizani inasoma sifuri kabla gunia halijawekwa juu yake, na hutaka kujua kama mizani hiyo imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kamera ya darubini inastahili kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Picha ya msingi, inayosomwa bila kusubiri hata sekunde moja, huonyesha kihisi kinaandika namba gani wakati hakijapokea kitu. Picha ya giza huonyesha ni elektroni ngapi kihisi hujizalishia chenyewe kadiri muda unavyopita. Picha ya mwanga sawa huonyesha ni pikseli zipi zinazopokea mwanga vizuri kuliko jirani zake. Picha za nyota rejea ndizo zinazotafsiri namba za kamera kuwa kiasi halisi cha mwanga.

Nikae kidogo kwenye picha za giza, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi hujifunza zaidi. Kihisi cha WFC3 cha mwanga unaoonekana na urujuanimno hufanya kazi katika baridi ya nyuzi -83 za Selsiasi. Hata katika baridi hiyo, chembe za angani huharibu mpangilio wa atomi za silikoni, na pikseli zilizoumia huanza kutoa elektroni bila mwanga wowote kuziangukia. Hizo ndizo pikseli moto. Idadi yake huongezeka kila siku, kwa hiyo takriban mara moja kwa mwezi uchunguzi husimamishwa na kihisi kuachwa kipate joto hadi nyuzi 20 hivi, joto ambalo kwetu Mtwara ni la usiku wa Julai. Pikseli nyingi hupona, kihisi hupozwa tena, na ongezeko huanza upya. Ukipakua picha za giza za mwezi mmoja na kuzipanga kwa tarehe, utauona mwendo huo kwa macho yako: nukta zinaongezeka, zinaongezeka, kisha baada ya siku ya kupasha joto zinapungua ghafla. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alipoonyeshwa picha ghafi kwa mara ya kwanza, ikiwa imejaa nukta na michirizi mieupe ya miale ya kosmiki, aliniuliza, "Mwalimu, hii kamera si imeharibika?" Nilimpa picha za giza za mwezi ule ajibu mwenyewe, na alijibu vizuri.

Kuna madhara ya mionzi ambayo kupasha joto hakuyaponyi. Picha inaposomwa, elektroni husogezwa kutoka pikseli moja hadi nyingine kuelekea ukingoni mwa kihisi, na kila mwaka mitego inayozinasa njiani huwa mingi zaidi. Nyota hafifu iliyo mbali na ukingo wa kusomea hupoteza sehemu ya mwanga wake na kuacha mkia mrefu nyuma yake. Ili kupunguza hasara hiyo, kihisi humulikwa kwa mwanga hafifu wa taa ndogo ya LED iliyomo ndani ya kamera, ili mitego ijae kabla elektroni za nyota hazijapita. Yeyote anayelinganisha mwangaza wa nyota moja katika picha ya 2010 na ya miaka ya karibuni lazima alijue hili, la sivyo atatangaza kwamba nyota imefifia wakati kilichozeeka ni kihisi.

Uhakiki nao huhitaji kuhakikiwa, na historia ya Hubble yenyewe inatufundisha hivyo. Kioo chake kikuu, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilisuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu kufuata kipimo kisicho sahihi: katika kifaa kilichotumika kupimia umbo lake, lenzi moja ilikuwa imekaa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Ukingo wa kioo ukawa bapa kupita kiasi kwa takriban mikromita 2, na picha za mwanzo zikatoka na ukungu. Vipimo vingine vilivyofanyika kiwandani vilionyesha dalili za kasoro hiyo, lakini havikusikilizwa kwa sababu kifaa kikuu kiliaminiwa zaidi. Wanaanga waliweka vifaa vya kurekebisha kasoro hiyo mwezi Desemba 1993. Wanafunzi wangu wote nawasomesha kisa hiki mapema, ili wasiamini kipimo kimoja pekee hata kama kinatoka kwenye chombo cha gharama kubwa.

Sasa nije kwenye utendaji. Hifadhi ya data inaitwa MAST, na mtu yeyote anaweza kupakua data zilizokwisha kuwekwa wazi bila malipo na bila barua ya utambulisho wa chuo. Data za programu za kalibresheni hazina kipindi cha kusubiri, tofauti na nyingi za watafiti. Tatizo letu huku kusini ni bando. Faili moja lililosahihishwa la kihisi cha mwanga unaoonekana cha WFC3 huzidi megabaiti 160, kwa sababu limebeba picha yenyewe, makadirio ya makosa, na alama za ubora wa kila pikseli. Faili kama hilo la kihisi cha infraredi, chenye pikseli 1014 kwa 1014, ni takriban megabaiti 16. Kwa hiyo anza na infraredi, pakua kwa bando la usiku, na weka nakala kwenye diski ambayo shule nzima inaweza kuitumia. Kwa kutazama picha, programu ya DS9 hutolewa bure na huendeshwa hata kwenye kompyuta za zamani.

Ukishalipata faili, usikimbilie picha. Soma kichwa chake cha maandishi. Tafuta FGSLOCK, ambapo neno FINE huonyesha kwamba darubini iliagizwa kushikwa barabara na nyota za mwongozo. Tafuta EXPFLAG, ambapo NORMAL humaanisha kuwa upigaji haukukatizwa. Kisha soma DARKFILE, BIASFILE na PFLTFILE, ambayo hukutajia ni mafaili gani ya kalibresheni (ya giza, ya msingi na ya mwanga sawa) yaliyotumika. Watu wengi hawajui kwamba data iliyosahihishwa hubadilika. Picha bora za giza za kipindi fulani hukusanywa baada ya kipindi hicho kupita, na zikiwa tayari, hifadhi huzisahihisha upya data za zamani. Ukipakua leo data iliyopigwa wiki iliyopita, irudie baada ya miezi michache kabla hujaandika matokeo yoyote, na andika kwenye daftari tarehe ya kila upakuaji. Mimi hulichukulia daftari hilo kuwa sehemu ya data.

Shule isiyo na intaneti ya uhakika haizuiliwi kuanza. Kamera yoyote inayoruhusu kuchagua muda wa kupiga na kuhifadhi picha ghafi inatosha. Ifunike lenzi kwa kifuniko chake, piga picha za sekunde 30 usiku ukiwa Mtwara mjini, kisha rudia kazi hiyo hiyo ukiwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako usiku ni baridi zaidi. Andika joto la hewa kila mara, na acha kamera itulie kwenye joto la mahali hapo kabla ya kuanza. Wanafunzi watahesabu nukta wenyewe na kuona kwamba ujoto unaongeza elektroni hizo za bure, jambo litakalowafanya waelewe kwa nini Hubble inahangaika na nyuzi -83. Kwa picha za mwanga sawa, tandaza kitambaa cheupe kisicho na mikunjo mbele ya lenzi na uielekeze kwenye anga ya jioni, Jua likiwa limezama na nyota zikiwa bado hazijatoka. Pwani yetu ina chumvi na unyevu, na vumbi lililoshika kwenye kihisi litajitokeza katika picha hizo kama vivuli vya duara. Msifute kihisi kwa kitambaa. Ondoeni kivuli kwa hesabu, kwa kuigawa picha yenu kwa picha ya mwanga sawa, kama inavyofanyika kwa picha za angani.

Kwa aliye tayari kwa zoezi la kwanza kamili, chagua nyota GD 153. Ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyomaliza maisha yake, yenye angahewa ya hidrojeni tupu, na mwanga wake unaweza kukokotolewa kwa nadharia. Pamoja na GD 71 na G191-B2B, ndiyo msingi ambao vipimo vya mwanga vya Hubble vimeegemea. Tafuta picha yake ya infraredi, fungua faili lililosahihishwa, chora duara kuizunguka, jumlisha elektroni kwa sekunde zilizomo ndani, toa mwanga wa anga iliyo pembeni, kisha zidisha kwa thamani ya PHOTFLAM iliyoandikwa kwenye kichwa, ambayo hugeuza elektroni kwa sekunde kuwa kiasi halisi cha mwanga. Linganisha jibu lako na wastani wa mwanga wa nyota hiyo katika kichujio kile kile, kutoka kwenye jedwali la nyota rejea liitwalo CALSPEC. Tofauti ikiwa kubwa, angalia kwanza ukubwa wa duara, kwani duara la pikseli tatu huacha nje sehemu kubwa kidogo ya mwanga wa nyota. Halafu angalia alama za ubora, uone kama kuna pikseli mbovu ndani ya duara lako. Rudia kwa picha nyingine za nyota hiyo hiyo, zilizopigwa miaka tofauti, mpaka uweze kueleza kila tofauti unayoiona. Baada ya hapo chagua galaksi yoyote unayoipenda.